Fomu ya Nayda

Mwalimu Delfina Ccahuana alifika Pukarumi, kijiji cha juu milimani, mwezi wa Machi na masanduku sita, na katika hayo sita moja tu lilikuwa la nguo zake. Mengine yote yalikuwa mali ya watoto: jiko la plastiki na sufuria zake, karoti za plastiki, vipande vya mbao vya kujengea, vitabu vya picha, rangi, na bunda la nyota za kubandika, nyekundu na za dhahabu. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa ameiva kwa masomo. Chuoni walifundishwa kwamba mtoto ndiye anayetangulia na mwalimu humfuata, hamkokoti. Mkufunzi wao aliwasimulia shule za Italia ambako watoto huchezea mwanga na vioo, na za Norwei ambako wachanga hulazwa nje kwenye baridi na wakalala fofofo. Kuhusu Pukarumi, iliyo mwendo wa saa tatu tu kwa gari kutoka hapo chuoni, hakusimulia neno. Tusimlaumu, hakuwahi kufika.

Delfina akakigawa chumba cha shule ya chekechea pembe nne: ya jikoni, ya ujenzi, ya vitabu na ya rangi. Mtoto aingie, achague mwenyewe. Watoto walikuwa wanane, na saba kati yao, baada ya wiki moja ya kushangaa, walichagua. Wa nane ndiye Nayda.

Nayda alikuwa na miaka minne na nusu, mashavu mekundu kwa baridi ya mlimani, na kofia ya sufu iliyomfunika nyusi. Kila asubuhi alifika wa kwanza, akasimama mlangoni, akaficha mikono ndani ya shali, akaanza kutazama. Alitazama wenzake wakipika mchuzi wa hewa, akatazama minara ikijengwa na kuanguka, akamtazama mwalimu kuanzia unywele hadi kiatu. Macho hayana pazia, na ya huyu hayakuwa hata na kope za kupumzikia. Hakulia, hakucheka, hakugusa kitu, hakutamka neno. Saa sita ikifika alikwenda zake nyumbani, na kesho yake alikuwa palepale.

Si kwamba Delfina hakujaribu. Alimwimbia. Alimletea kikaragosi cha sungura kikamsalimia kwa sauti nyembamba. Alichuchumaa mbele yake, akanyanyua penseli nyekundu na kumuuliza, "Nayda, mama, hii rangi gani?" Kimya. "Haya, na kuku analiaje?" Nayda alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgeni hajui hata kuku, lakini mdomo haukufunguka. Machi ikaisha, Aprili ikaisha, na mwalimu akaanza kukosa raha. Usiku aliota mlango wenye macho.

Mwezi wa Mei ofisi ya elimu ya mjini ilileta fomu. Kwa kila mtoto anayetia shaka, mwalimu aandike anachokiona. Delfina akachukua kalamu, na kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni akaandika: Nayda Ttito, haongei, hashiki kitu, hachezi. Alikuwa na nia njema. Nia njema imeshafukuza kuku wengi mayaini, lakini hilo ni jambo la kujua baadaye. Fomu ikapanda gari la maziwa ikashuka mjini.

Majibu yalikuja Alhamisi moja ya mwanzo wa Juni. Mtaalamu angefika Jumatano ijayo kumpima mtoto. Ikionekana inafaa, Nayda angepelekwa shule maalumu mjini, alale bweni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na mlezi wake atie sahihi. Delfina aliisoma barua mara mbili. Alikuwa amefikiria msaada, labda vitabu, labda semina. Bweni hakulifikiria hata kidogo. Maji yakimwagika hayazoleki, akaivaa shali yake akaenda kwa bibi wa mtoto.

Bibi huyo, Mama Toribia, ndiye aliyekuwa akimlea Nayda tangu baba na mama yake walipoteremka pwani kuvuna mboga za asparaga kwenye mashamba makubwa. Delfina alimkuta uani akisokota sufu. Akamsomea barua. Toribia hakuacha kusokota.

"Umeandika nini kuhusu mjukuu wangu, mwalimu?"

"Nimeandika ninachokiona, mama."

"Umemwona wapi?"

"Darasani. Anasimama tu. Miezi mitatu anasimama tu."

"Na wewe una miezi mingapi hapa kwetu?"

"Mitatu, mama."

"Umeshajua kuchimba viazi?"

"Bado."

"Mimi sijakuandika popote," akasema Toribia.

Delfina aliinamisha kichwa. Toribia akasokota mara mbili tatu, kisha akasema, "Jumamosi tunachimba shamba la juu. Njoo. Kitabu chako kiache."

Kitabu hakukiacha. Jumamosi alipanda mlima na daftari mfukoni, akafika akihema, na jua lilikuwa halijayeyusha sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, kwenye majani. Kila familia ilikuwa mstarini na vijembe vifupi vya mkono, na udongo ulinukia vizuri. Delfina akaanza kazi aliyoizoea, ya kuuliza. Hivi kwa nini hamvuti shina kwanza? Hiki kidogo kinakwenda wapi? Na mtoto mnaanza kumfundisha akiwa na miaka mingapi? Watu walimtazama, wakatabasamu, wakaendelea kuchimba.

"Kuuliza si ujinga, Mama Toribia," akajitetea.

"Si ujinga. Ni kelele," akasema Toribia. "Kaa hapo uangalie."

Basi akakaa juu ya mawe, akanuna kidogo, kisha kwa kukosa la kufanya akaangalia. Na alichokiona kilimwacha mdomo wazi. Nayda alikuwa na kijembe chake mwenyewe, mpini umekatwa kwa kimo chake, na mstari wake mwenyewe pembeni mwa ule wa bibi. Hakuna aliyempa kazi. Hakuna aliyemwambia shika hivi, usikate pale. Aliingiza kijembe upande, akatikisa, akainua, na viazi vikatoka vizima, vyeusi, vya zambarau, vya njano. Kisha akaenda kwenye marundo kuchambua: vikubwa vya kula huku, vya wastani vya mbegu kule, vyenye funza vya nguruwe, na vile vidogo vichungu pembeni kabisa, vya kuanikwa usiku vipigwe na sakitu hadi viwe vikavu vya kuweka miaka. Alichambua haraka kuliko ambavyo Delfina angeweza hata kutaja majina yake. Na midomo yake ilikuwa ikienda muda wote. Alikuwa anaongea. Alimwambia bibi kuwa ule mwisho wa mstari udongo una maji. Alimkemea mbwa. Alimcheka binamu yake aliyekata kiazi katikati.

Delfina hakuweza kujizuia. Aliruka kutoka kwenye mawe, akapiga makofi. "Hongera, Nayda! Vizuri sana, mama! Jamani, mwoneni Nayda anavyoweza!"

Shamba zima likasimama. Nayda akaacha kiazi mkononi kikaanguka, akarudi kinyumenyume hadi nyuma ya sketi za bibi yake, mikono ikaingia ndani ya shali. Mdomo ukafungwa. Delfina akabaki na viganja vyake hewani, asijue aviweke wapi.

Toribia alingoja watu warudi kazini, kisha akaja akaketi juu ya mawe karibu naye.

"Umemtisha," akasema, bila ukali.

"Mimi nimemsifu tu, mama."

"Umemsifu kwa kuchimba kiazi. Jirani yako akipita akakuona unatembea, akasema hongera, unatembea, wewe utafikiri nini?"

"Nitafikiri ananicheka."

"Au alidhani huwezi." Toribia akachukua kiazi, akakifuta udongo kwa kidole gumba. "Siku ile ya kwanza ulimfanya nini mjukuu wangu?"

Delfina akafikiri, na alipokumbuka akatamani ardhi impasukie. Siku ya kwanza Nayda aliingia ndani kabisa, peke yake, akavua kofia, akaitundika kwenye msumari kama alivyoona wenzake wakifanya. Mwalimu akafurahi kupita kiasi. Akawaita watoto wote, wakampigia makofi, na yeye akambandika nyota ya dhahabu kwenye paji la uso.

"Alirudi nyumbani na kile kitu hapa," Toribia akasema, akigusa paji la uso wake. "Hakukitoa. Akakaa kimya mpaka tulipokwisha kula. Kisha akaniuliza, bibi, mwalimu amekwisha kuninunua?"

Pukarumi anayewekewa alama ni mwanakondoo, na lama, mnyama wa mizigo wa milimani. Siku yao hufika, wakapakwa rangi, wakafungwa nyuzi nyekundu masikioni, watu wakanywa na kucheza, na kuanzia hapo kila mtu anajua mnyama yule ni wa nani. Delfina alizaliwa mjini, lakini mama yake ni wa milima hiyohiyo, na sherehe hiyo alishaiona zaidi ya mara moja. Alicheka, kwa kuwa ilichekesha, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka.

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nilidhani utaona mwenyewe. Wewe si umesoma?"

Siku hiyo Delfina hakuuliza tena. Alichukua kijembe cha mtu aliyekwenda kunywa maji, akapiga magoti kwenye mstari wa jirani na Nayda, akachimba. Alikata viazi saba. Nane. Hakuna aliyesema kitu, wala yeye hakusema. Alipokwenda kuchambua aliweka mbegu kwenye rundo la kula, na baada ya kitambo mkono mdogo ukatokea ubavuni mwake, ukachukua kile kiazi, ukakiweka kinapostahili. Akaweka kingine vibaya, na safari hii hakufanya makusudi. Mkono ukarudi. Walifanya kazi hivyo mpaka jua likaegemea, na Delfina alishuka mlima ana malengelenge na furaha ambayo chuoni hakuipata hata siku ya kuvishwa joho. Lakini fomu ilikuwa mjini, na Jumatano ilikuwa njiani.

Mtaalamu alifika kwa pikipiki, midomo imekuwa ya buluu kwa baridi na kichwa kikimgonga kwa sababu ya mwinuko. Aliitwa Valdemar Quintanilla, mtu mpole wa makamo mwenye faili kubwa, na kwa kuwa Pukarumi kila mwenye faili ni injinia, wakamwita injinia. Kikechua, lugha ya milimani, alikijua, alikinyonya kwa mama yake. Viazi alivijua vikiwa sahanini.

Wakamnywesha chai ya majani ya koka, akapata nafuu, akakaa kwenye kiti kidogo cha pembe ya vitabu, magoti yakagusa kidevu. Akapanga kadi zake. Mwavuli. Tufaha. Simu. Nayda alikuwa mlangoni.

"Nayda, hii ni nini?" Kimya. "Na hii? Unakula hii?" Kimya. "Nionyeshe mwavuli uko wapi." Nayda alimtazama injinia, akautazama mwavuli uliokuwa chini ya pua yake, akamtazama tena, na ikaonekana wazi kwamba anamsikitikia.

"Anasikia vizuri?" Quintanilla akamnong'oneza Delfina.

"Anasikia, injinia. Nadhani anashangaa kwa nini unauliza unachokijua."

"Ndivyo upimaji ulivyo, mwalimu."

"Najua. Na mimi nimemuuliza hivyo miezi mitatu."

Alitaka kumwambia yote papo hapo, lakini aibu ikamzuia. Mtaalamu akaandika kitu, akapumua. "Basi kilichobaki ni sahihi ya mlezi. Yuko wapi?"

"Shambani, juu."

"Juu zaidi ya hapa?" akauliza mtu yule, na sauti yake ilitia huruma.

Wakapanda. Nayda alitangulia bila kuambiwa, akisimama kila baada ya hatua thelathini kumngoja injinia avute pumzi. Walipofika, watu walikuwa wamepumzika kwa chakula. Watoto walikuwa wamejenga tanuri la mabonge ya udongo, limekwisha kuwaka mpaka mabonge yamekuwa mekundu, na wakati wa kutumbukiza viazi ulikuwa umefika. Toribia alisimama, akamsalimia mgeni kwa mikono miwili, akamwonyesha mahali pa kukaa. Uso wake ulikuwa umekauka, na kalamu ilipotolewa aliitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Kwanza ale," akasema. "Mtu haandiki na njaa."

Quintanilla alikuwa na njaa kweli, na alikuwa mtu asiyependa kutumikiwa. Akajiinamia kwenye rundo lililokuwa karibu naye, akajaza viganja viwili vya viazi vidogo vyenye kung'aa, akanyoosha mkono kuvitupa tanurini.

"Hivyo hapana," sauti ikasema.

Mkono wa injinia ukasimama hewani.

"Hivyo vichungu," akasema Nayda. Alikuwa ameshafika ubavuni mwake. "Ukila hivyo, tumbo litakuuma mpaka nyumbani kwako. Hivyo ni vya kuanika."

Quintanilla akavitazama viazi, akamtazama mtoto. Mwanzoni alisahau kabisa fomu, maana alikuwa karibu kujitia sumu mbele za watu. "Mbona vinafanana na hivi?"

"Havifanani. Tazama jicho lake."

"Jicho liko wapi?"

"Hili. La kichungu limezama ndani."

"Na hiki kama kobe?" Alikuwa ameokota kimoja chenye nundu na mabonde, na alitaka kujua kwa dhati.

"Hicho ni mliza-mkwe. Mkwe akija, anapewa akimenye. Akikata nyama nyingi pamoja na ganda, anarudi kwao." Nayda akafikiri. "Mama yangu alikimenya. Hakulia. Bibi ndiye alilia, kwa sababu alitaka arudi kwao."

Shamba zima likaangua kicheko, na Toribia akafunika mdomo kwa shali. "Mshenzi wewe, nani kakwambia?"

"Nilikuwa naangalia," akasema Nayda.

"Hukuwa umezaliwa."

"Basi aliniambia shangazi."

Injinia akauliza kuhusu cha zambarau, na kuhusu chenye maua meupe, na kwa nini tanuri linabomolewa juu ya viazi badala ya kuvitoa, na kila swali alijibiwa, na mengine alijibiwa hata hakuyauliza. Alipochoma ulimi kwa pupa, Nayda akampa jibini apoze. Ilipita nusu saa. Kisha mtu yule akajipangusa majivu, akafungua faili lake, na uso wake ukawa wa ofisini tena.

"Mwalimu Delfina. Hapa pameandikwa, haongei."

"Ndiyo."

"Hashiki kitu. Hachezi. Huu mwandiko wa nani?"

Delfina aliutazama mwandiko wake mzuri wa chuoni. Angeweza kusema mtoto amebadilika ghafla, au mazingira, au neno lingine refu la chuoni, na injinia huyu mpole angelipokea.

"Wangu, injinia. Niliandika kabla sijaangalia. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo, siku ya kwanza, kwa makofi na nyota. Kama lazima mtu aandikwe humo, niandike mimi."

Quintanilla alikuna kichwa kwa kalamu. "Fomu hii haina mahali pa kumwandika mwalimu," akasema. "Pangekuwapo, tungekosa karatasi." Akapiga mstari mrefu toka juu hadi chini, akaandika pembeni maneno machache, akamsomea Toribia polepole kwa Kikechua: mtoto hana tatizo, abaki nyumbani, abaki shuleni kwake, mpimaji ajifunze viazi. Hilo la mwisho labda hakuliandika. Kisha akauliza njia ya kushuka ipi haina mteremko mkali, na Nayda akamwonyesha.

Alipokwisha kutoweka nyuma ya mlima, Toribia hakumshukuru mtu. Alikwenda nyuma ya ukuta wa mawe, akarudi amekumbatia furushi lililofungwa kwa kitambaa cha kubebea watoto, akaliweka chini, akaanza kulifungua. Fundo lilikataa. Alilifunga alfajiri, peke yake, kwa nguvu zake zote, na sasa vidole havikuliweza. Delfina alijisogeza amsaidie, akajizuia, akarudi kukaa.

Nayda akaja, akapiga magoti, akaling'ata fundo kwa meno mpaka likalegea.

Ndani mlikuwa na sketi mbili, sweta, soksi za sufu mpya ambazo hata hazijavaliwa, chanuo, gunia dogo la mahindi ya kukaanga, jibini zima, na mayai ya kuchemsha kumi, mawili kwa kila siku, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

"Bibi," akasema Nayda, "nguo zangu zimefuata nini huku?"

"Zimekuja kuota jua," akasema Toribia, na hapo akashindwa. Akalia waziwazi mbele ya watu wote, yeye ambaye hata mwanawe alipoteremka pwani alisubiri gari lipotee ndipo akalia. Nayda hakumuuliza kitu. Alichagua yai moja, akaligonga kwenye jiwe, akalimenya taratibu, akalitia chumvi, akampa bibi yake, na alipoona anakula akachukua la pili akaanza kumenya la mwalimu.